Kimo cha Mtumishi Colas

Servais Crahay alikuwa na miaka sitini na minne siku watoto kumi na tisa walipomwambia, tena kwa adabu, kwamba katika kitabu chake kuna mtoto ameuawa na maiti yake haionekani.

Alikuwa ameketi nyuma ya darasa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kifuani. Bi Ghislaine, mwalimu wao, alikuwa amewagawia nakala za kitabu ambacho bado hakijachapwa, karatasi tu zilizobanwa kwa pini, wasome wawili wawili kisha waseme wameona nini. Wenye kampuni ya vitabu kule Brussels ndio walioomba hivyo. Servais alikuja na koti lake la mazishi na harusi, akitarajia kuulizwa habari za farasi, maana watoto huuliza farasi.

Walisoma kimya muda mrefu. Aliona kurasa zikifunuliwa, aliona vidole vikifuata visanduku vya picha kutoka kushoto kwenda kulia, akajisemea moyoni kwamba kazi ya miaka mitatu haikwenda bure. Ndipo msichana mmoja wa mstari wa mbele, Kenza, akainua mkono. Macho yalikuwa mekundu.

"Mzee, Colas anakufa ukurasa wa ngapi? Nimetafuta sikuona."

"Colas hafi."

"Basi anakwenda wapi?"

"Haendi popote. Yumo mpaka mwisho."

"Yule mtoto?"

"Mtoto gani?" Servais akauliza. "Colas ni mtumishi wa Renier. Ana miaka arobaini na ushee."

Darasa likacheka, halafu likanyamaza lilipoona mwenyewe hacheki.

"Lakini anafika hapa tu," Kenza akasema, akiweka kiganja kiunoni mwa jirani yake.

Mvulana aliyeitwa Thiméo akasimama bila kuruhusiwa. "Mimi namjua aliyemuua! Ni huyu mrefu wa ukurasa wa arobaini na moja. Tazameni kofia. Tazameni mkanda. Ni vya Colas! Kamuua mtoto wa watu, kavaa nguo zake, kaenda kwa mfalme kujifanya shujaa. Na mfalme naye, mjinga, anampa upanga."

"Nguo za mtoto zitamtoshaje, we naye?" akauliza msichana mwingine.

"Kazishonesha."

"Ndiye yuleyule," Servais akasema, na sauti yake ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Colas ndiye huyo mrefu. Amepanda cheo. Ndiyo maana amekuwa mrefu."

Watoto walimtazama. Kisha wakatazamana wao kwa wao, wakihesabu jambo kichwani.

"Mwalimu mkuu wetu," akasema Thiméo taratibu, "ni mfupi kuliko mpishi."

Bi Ghislaine akawaomba watoto wamshukuru mzee Servais. Wakamshukuru. Yeye akatoka, akavuka daraja kurudi ng'ambo ya mto, upande wa wazee wake, naye akamtazama mara mbili kila mtu mrefu aliyepishana naye darajani.

Ili mtu aelewe bumbuwazi lililompata Servais, lazima aijue nyumba aliyotoka.

Wana Crahay walichezesha vikaragosi mjini Liège kwa vizazi vitatu, katika chumba kimoja chenye mabenchi sita, nyuma ya duka lililokuwa la mkate kisha likawa la simu. Si ukoo wa kutajwatajwa magazetini, wala haukuhitaji. Jumapili mchana na Jumatano, watu wa mtaa walileta watoto wao, na watoto hao walipozeeka walileta wajukuu, kuja kutazama mashujaa wa farasi wa zamani za kale: wafalme wenye ndevu, ngome zilizozingirwa, viapo vilivyowekwa na viapo vilivyovunjwa. Vikaragosi hivyo ni vya mti, vizito, vina waya mmoja tu utosini, na miguu yake hugonga jukwaa kwa kishindo. Mtu mmoja ndiye huvitolea vyote sauti.

Na vina sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika kwa kuwa hakuna aliyehitaji kuisoma: kimo ni cheo. Mfalme ni mkubwa kuliko wote, anamfika mtu kifuani na uzito wake unavunja mkono. Shujaa wa farasi yuko chini yake kidogo. Askari wa kawaida yuko chini ya shujaa. Mtumishi anafika kwenye goti la mfalme. Akipanda cheo, mchezeshaji anamtundika yule mdogo kwenye ndoano, anamshusha mwingine mkubwa aliyevaa nguo za rangi ileile, na hadithi inaendelea. Katika miaka arobaini Servais hakuwahi kumsikia mtazamaji akiuliza huyu ni nani. Watu wa mtaa ule walizaliwa wanajua, kama wanavyojua kwamba mchuzi wa matonge ya nyama lazima uwe na utamu.

Baada ya bega lake kuharibika asiweze tena kumwinua mfalme, jukwaa lilifungwa. Lakini hadithi zilibaki kichwani, na hakuwa na mke wala mtoto wa kumrithisha. Akaanza kuzichora. Alichagua ile iliyopendwa kuliko zote mtaani: jinsi Mfalme Ansgaud alivyomwalika ndugu wa shujaa wake Renier wa Montfalise kwenye karamu ya Pasaka kwa kiapo cha amani, kisha akamwamuru Renier mwenyewe amfungie ndugu yake lango kwa nyuma ili akamatwe, jinsi Renier alivyokataa, akakimbilia na ndugu yake ngome ya mwambani, jinsi walivyozingirwa mpaka wakala ngozi za matandiko ya farasi, na jinsi Colas, mtumishi wa zizini, alivyopenya kila siku kwenye bomba la maji machafu kuwaletea mkate, mpaka mwisho mfalme akaona haya, akafanya amani, akamvisha Colas upanga.

Mhariri kutoka Brussels, Anouk Verstraeten, alizikuta karatasi hizo kwenye sherehe za mtaa za mwezi wa nane, zikiwa zimetundikwa kwa vibanio vya nguo, akasema hiki ni kitabu cha katuni kwa watoto wa miaka tisa hadi kumi na mbili, na jalada litakuwa na neno CRAHAY kwa herufi kubwa. Servais hakulala siku mbili kwa furaha. Hilo ndilo jambo pekee alilolitaka kabla ya kufa: hadithi ya nyumba yao itoke kama ilivyosimuliwa, ikiwa na jina lao juu yake, na jina hilo lisione haya.

Sasa watoto walikuwa wameisoma, na walichosoma ni hadithi ya mauaji.

Anouk alikuja kwa treni kesho yake. Walikutana mkahawani, mchana, akaagiza matonge mawili ya nyama na chipsi kama mtu aliyejiandaa kwa mazungumzo marefu.

"Mzee wangu, barua ya mwalimu nimeisoma. Usisikitike. Wameipenda."

"Wamelia, binti yangu."

"Ndiyo nasema wameipenda."

"Wamemlilia mtu ambaye hayupo. Wamemlilia mtoto ambaye sikumchora." Servais alisukuma sahani. "Jukwaani miaka kumi ya mwisho hakulia mtu. Walikuwa wanakohoa. Leo wanalia, tena kwa kosa. Sasa niambie, nifurahi au nifanyeje?"

Anouk akatafuna kidogo. "Ufanye hivi. Watu wote wawe na kimo kimoja. Kimo cha watu."

"Mfalme na mtumishi kimo kimoja?"

"Watu wa kweli ndivyo walivyo, mzee."

"Nani kakwambia nachora watu wa kweli?"

"Basi njia ya pili. Colas awe mtoto kweli. Mwandike mtoto."

"Mtoto hapewi upanga na mfalme."

"Kwenye katuni hupewa."

Servais akamtazama asijue kama anataniwa. Anouk hakuwa anatania. Akaendelea kwa sauti ya chini, na hapo ndipo aliposema lililomtoa jasho. Kitabu kinaingia kiwandani baada ya wiki tatu. Akishindwa kukitengeneza, kuna mchoraji kijana, hodari, atakichora upya chote. Na jalada litakuwa na jina la kijana huyo, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, itaandikwa kwamba kisa kimetokana na hadithi za ukoo wa Crahay.

"Ndogo kiasi gani?" Servais akauliza.

Anouk akamwonyesha kwa vidole. Halafu akaona aibu, akakunja mkono.

Nyumbani, ghorofa ya chini, alikaa dada yake Josée, aliyemzidi miaka sita. Kwa miaka arobaini Josée alikaa mlangoni akikata tiketi, na hakuna mlevi wala diwani aliyepita pale bila kuvua kofia. Jina lilikuwa la wote wawili, na Servais asingeliweka popote bila idhini yake. Akamweleza.

"Kimo kimoja," Josée akarudia, kama mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha. "Na wewe ukamwambiaje?"

"Nimesema nitajaribu."

"Jaribu. Kujaribu si dhambi. Ila ukimaliza uniletee nione."

Alijaribu kwa siku nne. Alimrefusha Colas mpaka akafika begani kwa mfalme, akawafupisha mashujaa, akawasawazisha askari. Siku ya tano akamshushia dada yake kurasa nane. Josée akavaa miwani.

"Huyu nani?"

"Renier."

"Na huyu?"

"Huyo..." Servais akainama. Kisanduku kilikuwa na wanaume watatu wenye ndevu mezani. Alikuwa amekichora jana. "Huyo ni mfalme. Hapana. Subiri kidogo. Mfalme ni huyu wa kushoto."

"Huyo wa kushoto anamwaga mvinyo, Servais. Mfalme anajimiminia mvinyo mwenyewe siku hizi?"

"Basi ni yule wa kati."

"Basi ni yule wa kati," Josée akamwigiza. "Mchoraji mwenyewe hamjui mfalme wake, halafu unataka huyo mtoto, sijui Kenza sijui nani, amjue."

Tatizo lilikuwa baya kuliko alivyomwambia. Tangu ujana sauti za watu wale zilikaa katika vimo vyao: sauti nzito ilitoka juu, nyembamba ilitoka chini. Alipowasawazisha wote walinyamaza. Alikaa mbele ya karatasi na kalamu ya wino mkononi asiweze kuandika neno hata kwenye kiputo kimoja cha maneno juu ya vichwa vyao, kwa sababu hakusikia mtu akisema. Maisha yake yote alikuwa na watu ishirini kichwani, na sasa kulikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi.

Akazichana kurasa nane. Wiki ya kwanza ikaisha.

Jumatatu akashika penseli bila mpango wowote. Alichora ukurasa ambao Colas anapenya bombani mara ya kwanza: mdogo, anafika goti, kama sheria inavyotaka. Akachora mara ya pili, anarudi na mkate. Na kwa kuwa alitaka mkate uonekane mzito, alimpa mabega mapana zaidi, na mabega yakahitaji shingo, na shingo ikahitaji urefu. Colas akawa ameongezeka upana wa kidole. Servais akataka kufuta. Raba ilikuwa mkononi tayari. Halafu akamsikia Colas akisema, "Mkate huu ni wa shayiri, bwana wangu, samahani," kwa sauti nzito kidogo kuliko ya jana.

Hakufuta. Kila Colas aliposhuka mwambani alimwongeza kidole kimoja. Alipompa Renier fungu lake mwenyewe la mkate, kidole. Alipokamatwa na askari akakataa kusema bomba liko wapi, kidole na nusu. Hakuna mtu hadithini aliyelisema jambo hilo, wala hakuna kiputo kilicholitaja. Mpaka ukurasa wa arobaini na moja, upanga unapogusa bega lake, hapakuwa na haja ya kumtundika mmoja na kumshusha mwingine. Alikuwa amefika mwenyewe.

Servais aliviandika viputo vyote kwa siku sita, mkono haukusimama. Hakujua kama amepona au ameugua zaidi.

"Hii haiwezekani," Josée alisema alipofika ukurasa wa thelathini.

"Si wanamtambua? Kofia ileile, mtu yuleyule."

"Sisemi hawamtambui. Nasema amekua kabla ya upanga. Cheo kinatoka mkononi mwa mfalme. Baba hakuwahi kumkuza mtu hata unywele kabla mfalme hajasema."

"Baba hakuwa na namna ya kumkuza. Kikaragosi ni mti."

"Ndiyo. Na mti una adabu." Akavua miwani, akaipangusa kwa aproni. "Unajua umewaambia nini watoto wa watu hapo? Umewaambia mtu akijibanza bombani akabeba mkate anajikuza mwenyewe, bila kupewa. Sasa mfalme ana kazi gani? Kupima nguo?"

"Sijui, Dada."

"Hujui?"

"Sijui. Mimi nilichora tu. Ukiniuliza kama ni sahihi, nakwambia sijui. Ukiniuliza kama ni uongo, hilo nalo sijui."

Josée alikuwa amezoea kumwona mdogo wake akikosea. Hakuwa amezoea kumwona asijue. Katika nyumba ile watu walikosea kwa uhakika.

"Wapelekee wale watoto," akasema mwisho. "Halafu tutaona kama jina la Baba linakaa hapo au halikai. Sijakubali. Nimesema tutaona."

Bi Ghislaine alimpokea Alhamisi, baada ya mapumziko ya saa nne. Safari hii walimpa kiti cha mwalimu, na jambo hilo lilimfanya ahisi vibaya zaidi. Watoto wakasoma. Alimtazama Kenza. Kenza alifika ukurasa wa arobaini na moja, akarudi nyuma kurasa kumi, akaenda tena mbele, akarudi tena, kidole kikiwa juu ya kofia nyekundu.

"Kwa hiyo hakufa," akasema.

"Hakufa."

"Basi nililia bure."

"Pole sana, mwanangu."

"Si neno." Akafikiri. "Ila kile cha kwanza kilikuwa kizuri pia. Angekufa kidogo tu."

"Kufa kidogo ndiyo kufaje?" jirani yake akamuuliza.

"Kama kuzimia. Ili tulie, halafu aamke."

Darasa likagawanyika palepale, wa kufa kidogo na wasiotaka kufa kabisa, na Bi Ghislaine alilazimika kupiga makofi. Servais alijikuta akicheka. Hakuna aliyeuliza yule mrefu ni nani. Hilo lilikuwa limekwisha. Alikuwa anakusanya karatasi zake, moyo umemtulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, Thiméo alipomfuata mezani.

"Mzee, mfalme anaumwa nini?"

"Haumwi."

"Mbona anapungua?"

"Mfalme hapungui. Ni Colas anayekua, ndiyo maana unaona hivyo."

"La hasha," Thiméo akasema, mtoto aliyekuwa na maneno ya bibi yake. "Nimepima na rula. Mwanzoni ni sentimita kumi na moja. Mwishoni ni nane. Na mlango wa nyuma yake ni uleule. Ana kansa?"

"Hapana."

"Babu yangu alipungua hivyohivyo."

Servais alimwambia mfalme yu mzima wa afya, akatoka. Lakini hakungoja afike nyumbani. Kwenye kituo cha basi alifungua mkoba, akatoa rula, akapima ukurasa juu ya paja lake huku watu wakimkanyaga. Kumi na moja. Kumi na nusu. Kumi. Tisa na nusu. Mlango wa kasri haukubadilika. Kiti cha enzi hakikubadilika. Mfalme Ansgaud alikuwa akizama ndani ya kiti chake ukurasa baada ya ukurasa, taratibu, hata mkono uliomchora haukujua.

Basi lilikuja likaondoka.

Alitafuta sababu, na ilikuwapo. Kisanduku kina kimo chake. Colas alipokuwa akikua, viputo vya maneno yake vilihitaji nafasi juu, na nafasi hiyo ilichukuliwa kwenye taji la mfalme. Lilikuwa kosa la kawaida, la mtu ambaye hakufundishwa kuchora shuleni. Lingeweza kusahihishwa: wino mweupe, siku mbili za kazi, na mfalme angerudi kwenye ukubwa wake. Kitabu kilikuwa kinatakiwa Brussels Jumamosi. Ni Alhamisi. Wakati ulikuwapo.

Alipofika alimkuta Josée jikoni akikata keki ya wali. Akaweka kurasa mezani, akaweka rula juu yake, akamweleza yote, na kosa la viputo pia.

Alitegemea makelele. Josée akafuta mikono, akaketi.

"Anaanzia kupungua ukurasa gani?"

"Sikuangalia."

"Angalia."

Servais akapima tangu mwanzo. Ukurasa wa tisa, kumi na moja. Wa kumi, kumi na moja. Wa kumi na moja, kumi na moja kamili. Wa kumi na mbili, kumi na robo tatu.

"Wa kumi na mbili," akasema.

"Kuna nini hapo?"

Hakuhitaji kutazama, lakini alitazama. Mfalme amesimama kwenye ngazi na mkono umenyooka, akimwonyesha Renier ufunguo wa lango. Ndani, mgeni, yule ndugu wa Renier, anacheka karamuni, ameamini kiapo. Colas hayumo kwenye ukurasa ule. Hakuna kiputo chake hata kimoja.

"Kuna lango," Servais akasema.

Josée akauvuta ukurasa karibu.

"Kwa hiyo si viputo," Josée akasema.

"Kurasa zinazofuata ni viputo."

"Nakuuliza wa kumi na mbili."

"Wa kumi na mbili sijui." Alikaa, akashika kichwa. "Naapa, Dada, sijui. Labda nilichoka. Labda karatasi ilikaa upande. Nitamsahihisha, usiwe na wasiwasi. Leo na kesho, namrudisha kumi na moja kila mahali. Baba asingemwacha hivi."

"Baba alikuwa na mfalme mmoja tu," Josée akasema.

"Ndiyo nasema."

"Hapana, hunisikii. Baba alikuwa na mfalme mmoja tu kwenye ndoano. Colas walikuwa wawili, mfalme mmoja. Angetaka kumpunguza angempunguza na nini? Shoka?" Aligeuza ukurasa, akaurudisha. "Mimi nilikaa pale mlangoni miaka arobaini. Kila ikifika hapa pa lango, Baba alikuwa anashusha sauti ya mfalme. Unakumbuka? Inatoka kifuani, halafu hapa inatokea puani. Nilidhani ni kikohozi."

Servais alikumbuka. Yeye mwenyewe aliifanya sauti hiyo ya puani kwa miaka ishirini na tano, kwa sababu aliirithi, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Alikusudia?" akauliza.

"Nitajuaje?"

"Au ni kikohozi kweli?"

"Alikuwa anakohoa sana," Josée akakiri.

Nje mtu alikuwa akishusha mlango wa chuma wa duka la simu aende kula chakula cha mchana. Servais aliinua chupa ya wino mweupe, akaitikisa kama desturi, akaishikilia. Kama ni kosa, mtu mwenye heshima hulisahihisha kosa lake kabla halijapewa jina la baba yake. Kama si kosa, basi alikuwa karibu kuifuta sentensi pekee ambayo nyumba yao ilikuwa ikijaribu kuisema kwa miaka mia moja kwa waya na mti, na haikuweza. Alimtazama dada yake aseme ni lipi. Josée naye alikuwa akimtazama yeye.

"Iweke chini hiyo chupa," akasema. "Itakumwagikia."

"Nikiiweka chini ndiyo umekubali?"

"Mtu aliyemwalika ndugu yako kwa kiapo halafu akakutaka wewe ndiye ufunge lango, akipungua vidole viwili mimi siwezi kusimama mahakamani kumtetea. Zaidi ya hapo usiniulize, maana sijui."

"Na Colas kukua bila upanga?"

"Hilo silipendi. Silipendi hata leo." Akasukuma kalamu ya wino kwake. "Andika jina."

Jalada lilikuwa tayari juu ya kabati, na mahali pa jina pameachwa wazi. Servais aliandika CRAHAY kwa herufi kubwa, zilizosimama, kama zilivyokuwa juu ya mlango wa chumba cha mabenchi sita, akapuliza wino ukauke. Alipogeuka amwonyeshe dada yake, alimkuta hamtazami. Alikuwa amerudi ukurasa wa kumi na mbili, amevua miwani, uso umegusa karatasi, rula imebanwa chini ya gumba.

"Hii ni kumi na nusu," Josée akasema. "Wewe umesema kumi na robo tatu."

"Haiwezekani. Nimepima sasa hivi."

"Njoo upime tena."

Akaenda akapima tena.